Castle, Bones au The Mentalist: uanze na ipi ikiwa unafuata mapenzi kuliko mauaji

Hapa Kisumu, mabishano kuhusu tamthilia za upelelezi hayahusu sana nani ameua. Muuaji atashikwa kabla saa haijaisha, na sote tunalijua hilo. Kinachotutoa jasho ni wale wawili wanaomsaka: wanapendana au wanajidanganya, nani atatangulia kusema, na waandishi wamewapangia nini msimu ujao. Kwenye saluni moja ya Kondele ubishi huo huanza mteja akikaa kitini na huwa haujaisha ncha za rasta zinapochovywa maji moto.

Tatu zinazozozaniwa zaidi ni Castle, Bones na The Mentalist. Zote zilikwisha zamani huko kwao Marekani, lakini huku tamthilia haifi inapotoka hewani. Inahama kutoka flashi hadi flashi, kutoka kwa kaka mkubwa hadi kwa mdogo, na kila mwaka kuna anayeianza leo. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Kwa juu zinafanana. Mmoja ana beji na bastola, mwenzake ni raia mwenye kipaji kisichofundishwa chuo cha polisi. Katika Castle, mwenye beji ni Kate Beckett wa polisi wa New York, na raia ni Richard Castle, mwandishi wa riwaya za mauaji aliyejipachika kazini kwake kwa kisingizio cha utafiti. Katika Bones, beji ni ya Seeley Booth wa FBI, na raia ni Daktari Temperance Brennan, mwanaanthropolojia anayekuambia umri na kazi ya marehemu kwa kutazama mifupa tu. Katika The Mentalist, beji ni ya Teresa Lisbon wa shirika la upelelezi la jimbo la California, na raia ni Patrick Jane, ambaye zamani alikula pesa za watu akijidai anaongea na wafu.

Kipimo changu si busu la kwanza. Busu la kwanza halimshindi mwandishi yeyote: lete mvua, lete muziki, basi. Mimi hutazama kesho yake. Wakishaamka wakiwa wapenzi, je, waandishi bado wana la kusema, au wanaanza kuwatafutia sababu za kuwatenganisha? Hapo ndipo hizi tatu zinapoachana njia.

Tahadhari moja kabla hatujaenda mbali. Nitafichua nani alimpata nani, maana huwezi kuchagua hadithi ya mapenzi bila kujua kama inafika. Lakini jina halisi la Red John, yule muuaji wa The Mentalist, sitalitaja. Kuna marafiki hapa mjini walionuniana kwa ajili ya jina hilo.

Urefu wa safari

Bones ndiyo ndefu kuliko zote: kituo cha Fox waliianza Septemba 2005 wakaimaliza Machi 2017, misimu 12, episodi 246. Castle ilikuwa kituo cha ABC, kuanzia Machi 2009 hadi Mei 2016, misimu 8 na episodi 173. The Mentalist ya CBS ilianza Septemba 2008 ikaisha Februari 2015, misimu 7, episodi 151. Kila episodi ni kama dakika 42 ukiondoa matangazo. Mtu anayetazama mbili kila jioni, stima ikikubali, atamaliza The Mentalist kwa miezi miwili na nusu, Castle kwa karibu mitatu, na Bones itamla miezi minne.

Kungoja

Castle inakuchezea, ila inakulisha njiani. Tangu episodi ya kwanza jamaa anamkatia Beckett waziwazi, na Beckett anamjibu kwa jicho linalosema hapana huku mdomo ukikaribia kucheka. Unajua unachongoja. Mwisho wa msimu wa 3, Mei 2011, Beckett anapigwa risasi makaburini, kwenye mazishi ya bosi wake, Kapteni Montgomery. Castle anamwinamia pale nyasini na kumwambia anampenda. Msimu wa 4 unapofunguka, Beckett anasema hakumbuki chochote cha siku ile. Kabla episodi hiyo haijaisha, mtazamaji anaambiwa ukweli: anakumbuka kila neno.

Karibu msimu mzima umejengwa juu ya uongo huo mmoja, na ndio uliotugawanya zaidi. Kuna wanaosema mwanamke mwenye kovu la risasi kifuani, ambaye mamake aliuawa mwaka 1999 na kesi ikazikwa, ana haki ya kunyamaza hadi awe tayari. Kuna wanaosema alimweka mtu wa watu kwenye foleni bila kumpa namba. Mimi niko na wa kwanza, na nadhani huo ndio msimu bora wa tamthilia nzima, kwa sababu kila kesi ya wiki inagusa ile siri kwa pembeni. Mei 2012, baada ya episodi 81, Beckett anabisha mlango wa Castle akiwa amelowa chapachapa. Ilistahili.

Bones inakungojesha misimu sita, na kungoja kwake kunauma kwa namna nyingine. Castle na Beckett wanazuiwa na siri. Booth na Brennan wanazuiwa na tabia. Katika episodi ya 100, Aprili 2010, Booth anamwomba wazi wajaribu. Brennan anakataa huku akilia, akisema hana moyo wa aina hiyo na hajui kubadilika. Hakuna adui, hakuna risasi, ni mtu anayejiogopa mwenyewe. Sijaona tamthilia nyingine ya polisi iliyothubutu kufanya hivyo katikati ya sherehe yake yenyewe. Msimu wa 6 Booth anarudi kutoka Afghanistan na mpenzi mpya, Hannah, mwandishi wa habari, na hapo ndipo wengi huniandikia kwamba wanaacha kutazama. Msiache. Hannah hakosi lolote, ni mtu mzuri kabisa, na ndiyo maana anakera.

Kisha waandishi wakafanya kituko. Mwishoni mwa msimu huo, Brennan anaingia chumba cha Booth akilia kwa sababu mwenzao wa maabara ameuawa. Picha inakatika. Episodi inayofuata, Mei 2011, anamwambia ana mimba yake. Miaka sita ya kungoja, na kilichongojewa hatukuonyeshwa! Sababu yake inajulikana: mwigizaji Emily Deschanel alikuwa mjamzito kweli, na waandishi wakaamua kuiingiza mimba kwenye hadithi badala ya kuificha nyuma ya makoti na mafaili. Dada mmoja mkubwa pale saluni hakujali sababu. Alichotaka kujua ni kwa nini mtoto yuko njiani na ayie, malipo ya kwanza ya mahari kwa desturi ya Wajaluo, haijapelekwa kwa mama mtu. Aliyemjibu kwamba mama mtu alishafariki aliambiwa basi babake yupo, na mbuzi wapo.

The Mentalist haikungojeshi hivyo, kwa sababu kwa muda mrefu hujui kama kuna cha kungoja. Jane amevaa pete ya ndoa tangu siku ya kwanza. Mkewe na bintiye waliuawa na Red John, na anachotaka ni kisasi, si mchumba. Kati yake na Lisbon kuna kikombe cha chai, utani, na kuaminiana kunakovunjwa kila mara. Kwa wanaotaka mapenzi ya haraka kuna Rigsby na Van Pelt, makachero wa kikosi hicho hicho, ambao kanuni za kazi zinawakataza kuwa pamoja na ambao wanateseka wazi kama binadamu wa kawaida. Binamu yangu wa Nakuru alitazama misimu mitatu akiamini hao wawili ndio hadithi yenyewe. Hakukosea sana.

Suala la Red John likishamalizwa, mapema katika msimu wa 6, hadithi inaruka miaka miwili mbele na kuhamia FBI huko Texas. Anatokea mwanamume mwingine, Pike, mstaarabu, anayemtaka Lisbon waende wote Washington. Ndipo Jane anapogundua kwamba nafasi inampita. Mei 2014 anamfuata hadi ndani ya ndege, mguu umeteguka kwa kuruka ua, anasema yaliyo moyoni mbele ya abiria wote, kisha anaondolewa na walinzi. Wapo wanaodai jambo hilo lilibandikwa baadaye. Nawaambia warudi wakatazame anavyomtazama Lisbon misimu ya mwanzo pale Lisbon anapotazama kando.

Kesho yake

Kuna imani ya zamani miongoni mwa mashabiki, na naona hata waandishi wanayo: wakishapatana, utamu umekwisha. Bones ndiyo jibu lake. Baada ya ile mimba kuna misimu sita zaidi, nusu nzima ya tamthilia, inayohusu watu wawili wanaoishi nyumba moja. Wanabishana kuhusu nyumba ya kununua. Wanabishana kuhusu Mungu, maana Booth ni Mkatoliki wa kwenda misa na Brennan haamini kitu kisichopimika maabara. Brennan ndiye anayemwomba Booth ndoa, Booth anakubali, kisha muuaji mmoja aitwaye Pelant anamlazimisha kuikataa bila kutoa sababu, na maumivu hayo yanabebwa hadi harusi ya Oktoba 2013, msimu wa 9.

Lililonifanya niipe Bones alama kubwa kuliko zote ni kamari. Tangu mwanzo tunaambiwa Booth aliwahi kuwa mraibu na akaacha. Msimu wa 10, akiwa baba wa watoto na mume wa mtu, anarudia. Anaficha, anadanganya, anadaiwa, hadi mkewe anamwomba ahame nyumba kwa muda. Katika mji ambao kila kona ina kijana anayekagua mkeka wake wa kamari kwenye simu, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Siku hiyo saluni ilikuwa kimya, na hakuna aliyemwita Booth shemeji kwa wiki nzima. Hayo ndiyo mapenzi yaliyoandikwa na mtu anayejua kwamba harusi si mwisho wa habari.

Castle iliianza kesho yake vizuri. Msimu wa 5 ni raha tupu: wanawaficha wenzao kazini kwamba wako pamoja, wanajificha kabatini, Martha, mamake Castle, anajua na anajifanya hajui. Msimu wa 6 wamechumbiana na wanapanga harusi. Halafu hofu ikaingia. Mei 2014, siku ya harusi yenyewe, Castle anatoweka barabarani na gari lake linaonekana likiteketea. Walioana hatimaye Novemba mwaka huo, kwa sherehe ndogo kando ya bahari, na msimu wa 7 ukawa mtulivu na wa kupendeza.

Msimu wa 8, chini ya wasimamizi wapya, Beckett amepandishwa cheo kuwa kapteni, na episodi ya pili tu anamwacha mumewe ili achunguze kesi hatari bila kumhusisha. Huyu ni mtu ambaye misimu saba ilimfundisha kwamba siri ndizo zinazomvunja. Kisa kimesukwa ili warudishwe kwenye kungoja, kwa sababu kungoja ndiko waandishi walikokuzoea. Ukiniuliza, hiyo ndiyo dhambi ya Castle, na ni kubwa.

The Mentalist ilikuwa na kesho fupi, msimu wa 7 wenye episodi 13 tu, kwa hiyo haikupata muda wa kuharibu. Jane akiwa mpenzi ni mwoga kuliko Jane akiwa mlipiza kisasi: kila Lisbon anaposhika bastola, yeye anataka kukimbia. Jambo hilo lina ukweli ndani yake, maana aliwahi kupoteza wote. Inaisha kwa harusi na habari njema ninayokuachia.

Kuweka mkeka wa yajayo

Mashabiki wenyewe wanapenda kubashiri kuliko kutazama, na huku kwetu ubashiri una raha yake kwa kuwa yajayo tayari yamo ndani ya flashi, ni wewe tu hujafika. Sheria ya saluni ni kwamba aliyetangulia anaruhusiwa kuguna, haruhusiwi kusema.

Kubashiri vizuri, jua kwanza kalenda ya Wamarekani. Tamthilia za aina hii zilianza msimu Septemba zikamaliza Mei, episodi 22 au 24 hivi. Novemba, Februari na Mei ndiyo miezi ambayo vituo vilipima watazamaji ili kupanga bei ya matangazo, kwa hiyo mambo mazito yaliwekwa hapo. Rudi juu uhesabu: risasi ya makaburini Mei, mlango wa Castle Mei, mimba ya Brennan Mei, ndege ya Jane Mei. Red John alifichuliwa Novemba 2013. Ukiona episodi ya mwisho ya msimu inaanza na watu wakicheka pamoja mezani, shika kiti.

La pili kila mtoto analijua: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Gari la Castle lilipowaka moto, hapa hakuna aliyehuzunika, watu waliuliza tu atarudi episodi ya ngapi. Lakini ulinzi huo hauwafikii wa pembeni. Sweets, mwanasaikolojia kijana wa Bones, aliuawa msimu wa 10 ulipoanza, mpenzi wake akiwa mjamzito na wao wakiwa na furaha kuliko wakati wowote. Mhusika wa pembeni akianza kupanga maisha, mwombee.

La tatu ndilo gumu: tazama waigizaji, usitazame hadithi peke yake. Mimba ya Deschanel ilibadilisha mwelekeo wa Bones. Aprili 2016 ilitangazwa kwamba Stana Katic, yaani Beckett mwenyewe, asingerudi kama Castle ingepata msimu wa 9. Mashabiki wakawaka. Mei, siku chache kabla ya episodi ya mwisho, ABC wakaifuta tamthilia yote. Ndiyo maana mwisho wake uko vile ulivyo: wanapigwa risasi, wanalala sakafuni wameshikana mikono, na ghafla miaka saba imepita na wana watoto watatu wanakula kiamsha kinywa. Anayetazama bila kujua habari hiyo hudhani flashi yake imeruka.

Kesi zenyewe

Hapa sina mengi. Za Castle ni nyepesi na za kuchekesha, unaweza kuzitazama na mama mkwe. Za The Mentalist zinategemea ujanja wa Jane kuliko ushahidi, na ukiwa mtu wa sheria utakereka. Za Bones zina sayansi nyingi na maiti zilizooza vibaya. Usiandae omena mbele yake, utaziona macho.

Kwa hiyo?

Kama umeolewa, umeoa, au unakaribia, chukua Bones na uvumilie msimu wa kwanza ambao bado unajitafuta. Ukichoka na wawili hao, Angela na Hodgins wa maabara watakubeba. Wale waliooana wakiwa korokoroni, na ajali inayomfika Hodgins msimu wa 11 inaipima ndoa yao kweli.

Kama muda ni mdogo na hupendi kubembelezwa, The Mentalist. Ina misimu michache, ina fumbo moja kubwa linalovuta, na mapenzi yanakuja mwishoni kama malipo ya uvumilivu.

Wapo wanaotaka ubishi usioisha kabisa, na hao nawaelekeza Law & Order: SVU. Benson na Stabler, makachero wake wawili, wamejadiliwa tangu 1999, Stabler aliondoka 2011, akarudi 2021 katika tamthilia nyingine ya ukoo huo, na bado. Ni zaidi ya episodi 500 na kesi zake ni za dhuluma za kingono, kwa hiyo watoto walale kwanza. Na kama umechoka na New York na Washington, kuna Crime and Justice ya Showmax ya mwaka 2021, ambamo Sarah Hassan na Alfred Munyua ni makachero Makena na Silas jijini Nairobi. Humo hutalazimika kueleza mtu yeyote afande ni nani.

Kama huna mpenzi na unataka tabasamu, anza Castle kesho. Ila sikiliza: baada ya harusi ya msimu wa 7, endelea hadi episodi ya mwisho ya msimu huo, ambayo inasimama yenyewe kama tamati kamili, kisha ufunge. Ukishindwa kujizuia, ruka wa 8 wote, nenda moja kwa moja dakika ile ya mwisho ya watoto watatu.